Kaseti Iliyojigeuza Yenyewe

Kuna watu pale Moroni mpaka leo wananiita Jembe. Jamaa zangu wa Unguja wakija kututembelea hufurahi sana kulisikia jina hilo, maana kwao siku hizi mtu hodari wa kazi huitwa jembe, nami huwaacha na dhana yao hiyo nzuri, natabasamu na kunywa chai yangu. Ukweli wenyewe ni aibu tupu. Leo nitausema wote, kwa kuwa waliokuwa wakiogopwa wameshaondoka, na mimi nimeota mvi, na mtu mwenye mvi akichekwa haumii sana (huumia kidogo tu).

Nilizaliwa Unguja, wazazi wangu Wangazidja wa Visiwa vya Komoro, tukarudi Moroni nikiwa na miaka kumi na kitu. Bibi yangu alinilea kwa Kiswahili na hakutaka kusikia lugha nyingine ndani ya nyumba, kwa hiyo Kingazidja changu kilikuwa cha kuokoteza, shuleni wananicheka, mtaani wananicheka, hata muuza samaki wa soko la Volo Volo alikuwa akinicheka kwanza ndipo anipimie. Nikiwa na miaka ishirini nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda cha mjomba wangu, hapo hapo Volo Volo, kazi yenyewe kunakili kaseti. Unaleta kaseti yako ya twarabu, au ya mawaidha, au ile aliyokutumia kaka yako kutoka Marseille, mimi naipachika kwenye mashine ya milango miwili, unakwenda sokoni, ukirudi unakuta ziko mbili.

Ni kwa mlango huo ndipo zilipotufikia kaseti za wale vijana wa Ufaransa na Marekani waliokuwa hawaimbi, wanasema tu, wanasema haraka haraka juu ya mdundo. Wallahi tuliingiwa na wazimu. Kila mtaa ukawa na kundi lake, wanajifungia kwenye ghala au kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa, maana wazazi hawataki kusikia na serikali ndiyo kabisa. Lakini walikuwa wanafanya nini humo ndani? Wanaiga. Wanaiga neno kwa neno, Kiingereza wasichokijua, wanaiga mpaka pale mwenye kaseti alipokohoa, nao wanakohoa.

"Kasuku watupu," alikuwa akisema Saandi. "Siku umeme ukikatika hawana la kusema."

Saandi ndiye aliyekuwa rafiki yangu na ndiye aliyekuwa kichwa cha kundi letu. Kundi lilikuwa la watu wawili, mimi na yeye, na tulijiita Sauti ya Bati kwa sababu tulipiga mdundo kwenye kipande cha bati la kuezekea, kwenye ghala la babu yake kule Ntsoudjini, mji mdogo nje ya Moroni, ghala lililonuka karafuu mpaka nguo zetu zikawa zinatusema tukipita. Mrefu, mwembamba, mkali wa maneno. Alikuwa na mtihani wake mmoja: anapiga bati, anakutajia kitu chochote, tuseme ndoo, na wewe uchane, yaani useme kwa vina juu ya mdundo, papo hapo kuhusu ndoo, bila kuandika, bila kufikiri. Yeye alikuwa anaweza kutwa nzima. Mimi siwezi. Nilikuwa lazima niandike kwenye daftari, nifute, niandike tena, nikariri kama tulivyokuwa tunakariri Kurani chuoni, ndipo nisimame. "Wewe huigi wengine, ni kweli," aliniambia siku moja, "lakini wewe ni kasuku wako mwenyewe." Neno hilo liliniuma, na mtaona lilikuwa na haki ya kuniuma.

Sasa, miaka ile ilikuwa ya wale wazungu wenye bunduki, walioingia sabini na nane wakaipindua serikali kisha wakabaki kuilinda ile waliyoiweka. Hatukuwataja kwa jina. Tuliwaita Wageni tu, na hata hilo kwa sauti ya chini. Baadhi yao walisilimu, wakapewa majina yetu, wakaoa kwetu, wanakuja msikitini Ijumaa na buti wameziacha mlangoni. Lakini mtu akisema neno baya juu yao barazani asubuhi, jioni gari lilikuwa linasimama mlangoni kwao. Mwalimu mmoja jirani yetu alichukuliwa hivyo, akarudi baada ya mwezi, na tangu hapo ukimwamkia anaitikia huku anatazama nyuma yako.

Na sisi, kwa akili zetu za ng'ombe, tukatunga wimbo juu yao. Nilitunga mimi, wiki tatu nzima, kwa Kiswahili. Saandi aliuliza kwa nini Kiswahili, nikamwambia ndiyo akili yenyewe: Wageni wanajua Kifaransa, waliooa wamejifunza lugha za ukweni, lakini Kiswahili hapa wanakijua wazee wachache na wafanyabiashara, mzungu atakijulia wapi? (Liwekeni hilo swali mahali, tutarudi kulichukua.) Wimbo niliujenga juu ya ile methali ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ulikwenda hivi:

*Mgeni umeshiba, sahani umelamba,*
*Mlangoni kwangu mbwa wako umemfunga kamba,*
*Siku mbili zimepita, ya tatu imekuwa mwaka,*
*Jembe lako liko wapi? Shamba limeota taka.*

Na Saandi nyuma na bati lake, "Mpe jembe! Mpe jembe!" Tuliurekodi kwa redio kaseti ya kibandani, na mwishoni kabisa Saandi, ambaye alikuwa amepandwa na mzuka, akafanya kama wanavyofanya wale wa kwenye kaseti, akajitangaza jina na mji: "Mimi ni Saandi wa Ntsoudjini, Sauti ya Bati!" Nikamwambia tufute hapo. Akasema, "Ukifuta jina langu umenifuta mimi." Nikaacha.

Mwezi ule ule mama mdogo, binamu wa mama yangu aliyeolewa Mutsamudu, kisiwa cha pili, alikuwa anaozesha binti yake, akataka nimnakilie twarabu nzuri kutoka Moroni niende nayo. Nami nilisikia kwamba Mutsamudu kuna vijana wanaochana kwa lugha yao wenyewe, bila kuiga, nikatamani kuwasikilizisha wimbo wetu. Kaseti tupu ilikuwa moja. Nikafanya uamuzi mdogo, ule ambao mtu anaufanya huku anapiga mwayo: twarabu upande wa kwanza, wimbo wetu upande wa pili. Nani anageuza kaseti harusini? Mwenye kuichezesha ni mimi mwenyewe. Nikaandika "Harusi" juu ya upande wa kwanza, wa pili nikauacha mweupe, nikaenda bandarini, nikavuka. Sitaeleza nilivyotapika njia nzima.

Siku ya harusi, baada ya swala ya alasiri, uwanja mbele ya nyumba ya bibi harusi ulikuwa umejaa. Wazee mbele na majoho yao, wanawake pembeni wamejitanda shiromani zao, wapishi wanapita na masinia ya wali na mabeseni ya maziwa ya mgando. Wapigaji wa twarabu walichelewa, gari lao limeharibika njiani, na mama mdogo akanijia mbio. "Mwanangu, ile kaseti, watu wananuna!" Mjomba wa bibi harusi alikuwa amekuja na redio mpya kutoka Ufaransa, kubwa, taa nyekundu na kijani, na wameiunganisha na vipaza sauti viwili juu ya paa. Nikaipachika kaseti, nikabonyeza, twarabu ikaanza, watu wakatabasamu, nami nikaenda kukaa mbali kabisa na mashine, karibu na chakula.

Hapo ndipo alipoingia Kapteni Ilyasi. Hilo ndilo jina lake la kusilimu, la kwao sikulijua. Alikuwa ameoa katika ukoo wa mama mdogo, kwa hiyo alikuja kama shemeji, kofia ya kufuma kichwani, na nyuma yake askari wawili, mmoja na bunduki. Wakampisha katikati, mstari wa mbele, kando ya Fundi Huseni (kwetu fundi ni mwalimu wa dini), mzee aliyesoma Unguja ujanani na sasa anauza vitambaa. Nikaangalia saa. Upande mmoja ni dakika thelathini, ikikaribia kwisha nitanyanyuka nikairudishe mwanzo. Nikachukua kipande cha nyama.

Mimi mashine zote nilizozijua, kaseti ikifika mwisho kitufe kinaruka, tak, kimya. Mpaka siku ile sikuwa nimewahi kuona redio inayogeuza upande yenyewe.

Twarabu ikaisha. Nikasikia, badala ya tak, mlio mwingine wa chini, krrr-klak, na kabla sijaelewa juu ya paa likalia bati. Bati letu. La Ntsoudjini. Mkono wenye nyama ukasimama njiani kwenda mdomoni, na sauti yangu mwenyewe, imekuzwa mpaka inagonga kuta za mji mkongwe, ikasema, "Mgeni umeshiba, sahani umelamba!"

Sikilizeni sasa jambo la ajabu. Wazee walitabasamu! Kwao wao Kiswahili ni lugha ya kasida na ya twarabu za zamani, lugha ya heshima, na wengi wao wanaishia kujua hiyo heshima tu bila maneno. Mmoja akaanza kutikisa kichwa taratibu na macho ameyafumba. Mwingine akasema, "Maashallah." Lakini Fundi Huseni hakutikisa kichwa. Fundi Huseni alikuwa ameacha kutafuna.

Na mimi nilichokuwa nawaza ni kimoja tu, jina. Mwisho wa wimbo kuna jina la Saandi na mji wake, kwa Kiswahili au kwa Kichina jina ni jina, na Kapteni amekaa pale masikio wazi. Dakika nne. Nikanyanyuka. Nikaanza kupenya katikati ya watu, "samahani, samahani mama, kunradhi mzee," na watu wakidhani naenda kucheza wakanipigia makofi, mmoja akanivuta mkono nicheze naye, nikajinasua, ubeti wa pili ukaisha, "Mpe jembe! Mpe jembe!", ubeti wa tatu ukaanza, nikaruka sinia la kwanza, nikaruka la pili, na la tatu ndilo halikuwa sinia, lilikuwa beseni la maziwa ya mgando. Mguu ukaingia mpaka kwenye goti la kanzu (kanzu yenyewe ya kuazima). Nikaenda chini mzima mzima, kifua juu ya maziwa, mikono mbele, na vidole vikaushika waya wa redio. Juu ya paa Saandi anasema, "Mimi ni Saa—"

Nikavuta.

Watu kama mia tatu wananitazama, maziwa yananidondoka kwenye kidevu. Mama mdogo ameshika mdomo. Na Kapteni akaniashiria kwa kidole kimoja, njoo.

Nikaenda. Kila hatua maziwa yanarukia wazee. Kapteni akamgeukia Fundi Huseni, akamuuliza kwa Kindzuani, lugha ya kisiwa kile aliyojifunza ukweni, taratibu, "Fundi, wimbo huu unasema nini?"

Fundi alinitazama. Niliona jasho limetoka chini ya kofia yake, mzee wa watu, na nikaelewa kwamba mimi nimemtia hatarini bila hata kujuana naye. "Ni wimbo wa heshima, Kapteni," akasema. "Kwa Waswahili mgeni wa kupita hapewi kitu. Lakini mgeni mpendwa, aliyekaa, huyo hupewa jembe. Maana yake chukua shamba, wewe sasa ni wetu."

"Ahaa," akasema Kapteni. "Na huyu aliyesema mwishoni, mimi ni saa? Saa nini?"

Hapo Fundi akanigeukia, swali likawa langu. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Saa... saa ya kula, Kapteni."

Watu wakaangua kicheko. Na yeye akacheka, akajipiga paja, kisha akasema maneno yaliyonimaliza kabisa: "Basi jembe langu liko wapi?"

Hakuna aliyejua anatania au vipi, na mtu kama yule ukikosea kujua umekwisha. Mama mdogo, Mungu amrehemu, hakungoja. Akapiga kelele jikoni liletwe jembe, likaja, jembe kuukuu la mpini uliolegea, limekauka udongo. Akanikabidhi, akaninong'oneza, "Mpe, na uimbe, na utoke." Watu wakaanza kupiga makofi kwa pamoja. Nikamkumbuka Saandi na mtihani wake. Chana kuhusu jembe, papo hapo, tunga chochote, msifu, mwite simba, mwite nyota! Nikafungua mdomo kutafuta neno jipya hata moja na halikuwepo, kichwani mlikuwa na zile beti za wiki tatu tu, zimejipanga, na zikatoka zenyewe. Mbele ya uso wake. Nimemkazia macho, maziwa usoni, nasema, "Jembe lako liko wapi? Shamba limeota taka!" Kasuku wangu mwenyewe.

Wazee wachache walioelewa wakainamisha vichwa, mmoja akauma ncha ya joho lake, sijui kwa kicheko au kwa hofu. Nami nikasema angalau nimalizie kwa heshima, nikalinyanyua jembe juu kwa mikono miwili kama wanavyonyanyua upanga wa ngoma, na jembe lenyewe likachomoka kwenye mpini, likaruka, likazunguka hewani, likajichoma ardhini katikati ya buti mbili za Kapteni Ilyasi. Mimi nimebaki na fimbo.

Yule askari mwenye bunduki akaishusha begani. Niliuona mdomo wa bunduki, mdogo sana. Nikasema shahada, na nasikitika kuwaambieni kwamba maziwa siyo kitu pekee kilicholowesha kanzu ile ya watu. Mwanamke mmoja alianza kulia.

Kapteni akainua mkono, askari akatulia. Akainama, akalichomoa jembe, akanipokonya mpini, akaupachika, kisha akaugonga kitako chini kwenye jiwe, kwa nguvu, mara tatu, mpaka jembe likakaa barabara, kama afanyavyo mtu aliyelima au aliyekaa sana na wakulima. Akalitia begani. Akaenda kwenye redio, akabonyeza, akaitoa kaseti, akaitia mfuko wa shati. "Zawadi zangu mbili," akasema, na akaondoka, na harusi ikaendelea, ila mimi tu ndiye niliyekuwa najua kuwa jina la Saandi limeondoka naye mfukoni.

Asubuhi yake gari lilisimama mlangoni kwa mama mdogo. Alikuwa yeye mwenyewe, na jembe kwenye kiti cha nyuma. Nikatoka, nikasimama, nikangoja Kifaransa au Kindzuani. Akanitazama kutoka dirishani, akasema:

"Weye kijana, uko naimba muzuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mupe jembe. Ni vile, ao si vile?"

Kiswahili! Cha bara, cha Kongo huko, lakini Kiswahili. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa amepigana vita kule ujanani, miaka minne, na kuna mama aliyekuwa akiwapikia aliyemfundisha lugha na methali zake zote. Alikuwa ameelewa kila neno, tangu umeshiba mpaka taka. Alimwacha Fundi Huseni atoe jasho na kumdanganya, akaniacha mimi nicheze na jembe mbele ya mji mzima, na yeye anatutazama. Nikashika mlango wa gari.

"Fundi hana kosa," nikasema. "Ni mimi tu."

"Mawili naisikia mu kaseti. Moja iko yako. Saa iko nani?"

"Ni saa ya kula."

Kisha akachukua lile jembe, akanipa kupitia dirishani. "Bibi yangu iko na shamba kule juu. Utalima."

Nikalima. Wiki sita, shamba la muhogo la mkewe juu ya mji, tangu asubuhi mpaka alasiri, askari mmoja amekaa kwenye jiwe na bunduki mapajani, haongei. Viganja vilipasuka, vikapona, vikapasuka tena. Vijana wa Mutsamudu niliokuja kuwasikilizisha wimbo walikuwa wakipita barabarani wananipigia kelele, "Mpe jembe! Mpe jembe!", maana walikuwa wamekishika kiitikio siku ile ile, na ndivyo nilivyopata jina. Kila Ijumaa baada ya swala Kapteni anapanda, anatazama matuta, anauliza swali moja, saa iko nani, na mimi najibu ni saa ya kula, na anashuka. Sikuwa jasiri, msinielewe vibaya. Kila Alhamisi nilikuwa naamua kwamba kesho nitamtaja. Nililala na uamuzi huo, naamka nao, na akija mdomo unarudia kile kile ulichokariri, kasuku. Kwa mara ya kwanza ugonjwa wangu ulinifaa.

Ijumaa ya sita hakuuliza. Alisema, "Wende kwenu," na akaacha jembe na mimi. Kaseti hakurudisha.

Moroni nilimkuta Saandi, nikamweleza yote, na badala ya kunicheka alikaa chini. Kwa kuwa kaseti anayo Kapteni. Akirudi nyumbani jioni moja, akasikiliza dakika ile ya mwisho, amelipata jina na mji. Tangu siku hiyo Saandi hakulala nyumbani kwao zaidi ya siku mbili mfululizo, leo kwa shangazi, kesho kwa rafiki, gari likipita Ntsoudjini anakata maneno katikati. Bati tulilitupa. Yule aliyekuwa anachana kutwa nzima kuhusu ndoo akawa mtu wa ndiyo na hapana, na mimi nikimtazama nilikuwa naona kaseti moja tupu na mwayo wangu. Mwaka mzima na zaidi.

Kisha Wageni wakaondoka. Wafaransa wakaja kuwachukua, watu wakasimama barabarani kutazama, wengine wakipiga vigelegele. Miezi miwili baadaye mama mdogo akatuma kifurushi: mke wa Kapteni alikuwa akisafisha nyumba, nyumba yenyewe ni yake maana kwetu nyumba ni ya mwanamke, akakuta kitu chenye mwandiko wangu. "Harusi."

Tukajifungia kibandani, mimi na Saandi, mchana wa jua, mlango tumeufunga kwa komeo. Nikaweka upande wa pili. Bati likalia. Mgeni umeshiba. Mpe jembe. Saandi alikuwa ameshika ukingo wa meza. Tukafika mwisho, na sauti yake ya zamani, ile ya kelele, ikasema, "Mimi ni Saandi wa Ntsoudjini, Sauti ya Bati!" Nilinyoosha mkono nizime, na hapo kaseti ikakwaruza kidogo, kama mtu aliyebonyeza kitufe cha kurekodi, na sauti ya tatu ikaingia, nzito, karibu sana na mashine:

"Na Ilyasi. Wa Mutsamudu."

Basi. Kisha twiiii mpaka mwisho wa utepe.

Hatujui aliisema siku gani, wiki ya kwanza au siku ya mwisho, lakini alikuwa ameisikiliza mpaka mwisho, kwa hiyo Ijumaa zile zote aliniuliza kitu anachokijua. Hofu iliyokwisha kupitwa na wakati ikaniingia upya. Saandi ndiye aliyeongea kwanza.

"Jizi," akasema. "Na bado kachana bila kuandika."

Akacheka, kicheko kibaya, kisha akalia, na mimi nikamwacha alie kwa kuwa niliona ana haki. Bati tulinunua jingine baadaye, lakini jina lake hakulitaja tena mwisho wa wimbo wowote, na hilo silisahau.

Mimi nimebaki na viapo viwili. Sitaweka tena vitu viwili kwenye kaseti moja, wala sitajificha nyuma ya lugha nikadhani ni ukuta, maana lugha ina milango mingi kuliko nyumba na hujui nani alishapewa ufunguo. Jembe ninalo, liko nyuma ya mlango, mpini umekaza mpaka leo. Alivyougonga yule mtu, haujalegea tena.